Eldrid wa Rugdal na Jicho la Kaka Yake

Ukifika Rugdal hutakosa mtu wa kukueleza habari za Eldrid Brattli. Watakuambia alikuwa bingwa wa taifa mara nne katika mchezo wa ski na bunduki, watakuambia alirudi kutoka ugenini na medali mbili, watakupeleka hadi ukumbini wakuonyeshe picha yake ukutani, bunduki mgongoni, kamasi zimemgandia juu ya mdomo. Ukiwauliza aliachaje mchezo, watageuka dirishani na kusema theluji ya mwaka huu imechelewa.

Aliacha hivi.

Baba yao aliangukiwa na gogo akafa walipokuwa wakipakia mbao, mwezi wa pili, Eldrid akiwa na miaka kumi na minne na kaka yake Arnstein kumi na saba. Kulikuwa na ng'ombe kumi na wawili zizini na mama mwenye mikono iliyovimba kwa baridi yabisi. Na kulikuwa na barua juu ya meza: Arnstein amepata nafasi katika shule ya michezo kule mjini.

"Mmoja wenu lazima abaki," mama alisema.

Watoto wote wawili walikuwa wamekaa pale mezani, lakini mama alimtazama mmoja tu.

Basi Eldrid akarudisha vitabu shuleni wiki ileile, mwalimu akamwambia pole, na tangu siku hiyo elimu yake ikawa maziwa na samadi. Barua zake aliandika kwa taabu maisha yake yote, na hesabu alizifanya kwa vidole chini ya meza. Hakulalamika. Kaka alipoondoka alimkumbatia kwenye kituo cha basi, akamwambia, "Sitasahau hili, dada." Wanaosema tenda wema nenda zako hawajawahi kuishi ua mmoja na mtu waliyemtendea huo wema.

Ski, zile mbao nyembamba za kutelezea juu ya theluji, alizaliwa nazo, kama kila mtu wa bonde lile. Kupeleka posta, kumtafuta mbwa, kwenda kanisani, kote ni ski. Bunduki alijifunza kwa ile ya marehemu baba, kila Jumatano katika chama cha shabaha, baada ya kukamua. Wanaume walimwachia mkeka wa mwisho kabisa, penye rasharasha ya theluji itokayo paani, na yeye akawashinda wote kutoka hapohapo. Wanawake waliporuhusiwa kushindana, alikuwa na miaka ishirini na miwili na mapafu ya mtu aliyebeba ndoo tangu utotoni.

Mara ya kwanza kushinda, wanaume walipewa kikombe cha fedha, yeye akapewa birika la kahawa. Mwaka wa pili, birika tena. Walipomletea la tatu aliuliza mbele ya watu, "Jamani, mmesikia nafungua mkahawa?" Watu walicheka, na mwaka uliofuata wakampa pasi.

Arnstein alikuwa amesharudi. Katika mashindano hakufika mbali. Miguu alikuwa nayo, ila kifua chake hakikutulia alipolala kupiga. Lakini alirudi na cheti cha ukocha na darubini ya miguu mitatu, na hapo ndipo alipopata jina. Jicho la Arnstein, watu walisema, linaona inzi akipiga chafya mita hamsini.

Na jicho hilo ndilo lilikuwa nusu ya ubingwa wa Eldrid. Maana mpigaji akiwa amelala mkekani haoni kitu zaidi ya doa jeusi. Risasi ni ndogo kama punje ya mtama, tundu lake halionekani kwa mbali. Kwa hiyo kabla ya mbio kila mtu hupiga risasi za kujaribu kwenye karatasi, na kocha husimama nyuma na darubini, amwambie zimeangukia wapi. Zikienda kulia, mpigaji hugeuza kigurudumu kidogo cha kulengea, kila hatua inalia tik, mpaka zikae katikati. Anachosema kocha, ndicho. Kwa miaka kumi na miwili Eldrid hakukigusa kigurudumu kile ila kwa mdomo wa kaka yake. Wapo waliotembea na vidarubini vyao wenyewe mfukoni. Yeye aliwacheka. "Nibebe cha nini? Ninaye Arnstein."

Wakati huohuo Arnstein alikuwa na binti, Vigdis, aliyempata akiwa bado kijana wa shule. Nani alimfundisha Vigdis kupiga? Shangazi yake. Kila jioni baada ya kazi, ndani ya ghala la majani, bunduki tupu bila risasi, msumari mmoja ukutani kuwa shabaha. "Pumua. Toa nusu. Simama hapo. Sasa." Mtoto alipovuta vibaya, shangazi alimgonga kisogoni kwa glavu. "Unavuta kama unang'oa jino!" Na mtoto alicheka hadi bunduki ikatikisika. Eldrid hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na Vigdis.

Ikafika ile baridi ambayo mashindano ya Kombe la Dunia yaliletwa Rugdal. Haijawahi kutokea. Mataifa kumi na manane, kwenye njia zetu wenyewe, mlima uleule Eldrid alioshuka na ndoo. Mbio zilizongojwa kuliko zote zilikuwa za kupokezana za wanawake, watu wanne kila timu. Watatu walishachaguliwa huko makao makuu. Nafasi ya nne itapatikana kwa mbio moja ya kuchuja, hapahapa Rugdal, wiki mbili kabla.

Eldrid alikuwa na miaka thelathini na minne. Alijua huu ni mwisho. Hakutaka medali nyingine. Droo ilikuwa imejaa. Alitaka mara moja tu kukimbia mbele ya watu wa kwao, wale waliomwona akitoka zizini akinuka, wamwone akiingia uwanjani akiwa amevaa rangi za taifa. Alilala na kuamka na hilo. Na katika bonde lote aliyeweza kumnyang'anya alikuwa mmoja tu, Vigdis, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na tisa na miguu kama ya swala.

"Nitakukamata, shangazi," Vigdis alimwambia asubuhi ya mbio, wakifunga viatu kwenye ngazi.

"Nikamate. Ila ukipita upande wa kulia nitakuchoma fimbo."

Wakacheka wote wawili. Arnstein hakucheka. Alikuwa akifuta kioo cha darubini, akakifuta, akakifuta tena.

Asubuhi ile haikuwa na upepo. Pembeni mwa uwanja wa shabaha huwa kuna vibendera vidogo vya kuonyesha upepo, na vyote vilikuwa vimelala kama mikia ya ng'ombe wagonjwa. Eldrid alilala mkeka wa mstari wa kumi na nne, Vigdis wa kumi na tatu, hatua mbili kati yao. Arnstein alisimama nyuma ya wote wawili.

Eldrid alipiga risasi tano. Mwili wake ulimwambia ni nzuri. Unajua tu, kama vile unavyojua mkate umeiva kabla hujaukata.

"Zikoje?" aliuliza bila kugeuka.

Kimya. Akadhani anahesabu.

"Kaka! Umelala?"

"Kulia," Arnstein alisema. "Zimekwenda kulia. Nne kushoto."

"Nne? Upepo uko wapi?"

"Uko katikati ya uwanja, huwezi kuuona ulipo. Nne kushoto, Eldrid."

Alitazama kibendera. Kimelala. Akatazama kigurudumu chake. Kisha akafanya kosa ambalo asingelifanya mgeni wala mtoto, kosa la mtu aliyezoea kupendwa: akaamini jicho la kaka kuliko bendera. Tik, tik, tik, tik. Akapiga tano nyingine.

"Sasa zimekaa," Arnstein alisema. "Katikati kama kiini cha yai. Nenda."

Akaenda. Alikimbia kilomita ya kwanza vizuri kuliko alivyokimbia mwaka mzima, ski zinateleza zenyewe, na alipoingia uwanjani watu walikuwa wakigonga kengele za ng'ombe na kuita jina lake. Akalala. Akapumua. Akapiga. Katika mbio hulengi karatasi tena, unalenga visahani vyeusi vitano, na kikipigwa kinageuka cheupe. Cha kwanza, cheusi. Cha pili, cheusi. Cha tatu kikageuka. Cha nne, cheusi. Cha tano kikageuka.

Kengele zilinyamaza. Hakuna kimya kibaya kama cha watu wanaokujua.

Kila kisahani unachokosa ni mzunguko mmoja wa adhabu, njia ndogo ya mita mia na hamsini kando ya uwanja, unazunguka mbele ya macho ya watu kama punda wa kinu. Alizunguka mara tatu. Mzunguko wa pili mzee mmoja kutoka bonde la pili alipaza sauti, "Bibi, umepotea njia? Zizi liko kule!" na wenzake wakacheka. Katika mzunguko wa tatu alimwona Vigdis akilala, akipiga vitano vyote bila kusita, pumua, toa nusu, simama hapo, sasa, na kuondoka bila hata mzunguko mmoja.

Raundi ya kupiga kwa kusimama, ambako visahani ni vikubwa zaidi, alikosa kimoja, kwa hasira tu. Vigdis akachukua nafasi ya nne. Eldrid alimkumbatia pale mwisho, akambusu paji la uso lililojaa jasho na barafu, akasema, "Umepiga vizuri, mwanangu." Alimaanisha. Mtoto alitazama chini.

"Uzee," Eldrid alimwambia Arnstein jioni, akicheka ili asilie. "Uzee umenipiga kibao."

"Hutokea," Arnstein alisema.

Wiki ya mwisho kabla ya Kombe, Rugdal yote ilikuwa kwenye msaragambo. Kila nyumba ilitoa mtu: wa kushindilia njia, wa kusimika uzio, wa kuoka. Jikoni mwa kibanda cha klabu alitawala Tordis, mjane wa dereva wa basi, mwanamke asiyetupa hata kipande cha kamba. Orodha za zamu aliziandika nyuma ya karatasi yoyote aliyoipata, na karatasi nyingi zaidi zilizopatikana zilikuwa za shabaha, zile za kujaribia, maana yeye ndiye aliyezibandua baada ya kila mashindano.

Eldrid alikuwa amekuja kukanda unga wa maandazi ya mdalasini.

"Zamu yako lini?" Tordis alimuuliza. "Angalia hapo dirishani, nimeibandika kwenye kioo. Na usiniambie huwezi kusoma, jina lako nimeliandika kubwa kama ng'ombe."

Eldrid akasogea dirishani. Jua la mchana lilipita kwenye karatasi, na kabla hajaliona jina lake aliona mwanga. Matundu kumi. Matano katikati kabisa, yamegusana. Matano kando, yamejikusanya vilevile, ila nje ya doa. Aliibandua, akaigeuza upande wa mbele; yale ya kando yalikuwa kushoto. Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wa Tordis mwenyewe: mstari 14, Eldrid.

Akasimama nayo, unga ukimkauka mikononi. Alipanga polepole, kama anavyopanga hesabu zote. Nilipiga tano. Nikageuza kushoto. Nikapiga tano. Nimegeuza mara moja tu, na nimegeuza kushoto. Kwa hiyo za kushoto ndizo za pili. Kwa hiyo za kwanza ni hizi za katikati.

Zilikuwa katikati. Arnstein aliziona ziko katikati.

"Umeona jina lako?" Tordis aliuliza.

"Nimeliona."

"Sasa mbona umeing'oa orodha yangu, wewe mwanamke?"

Alimkuta kaka yake kwenye banda la nta, amewasha pasi, anazipaka nta ski za Vigdis ziteleze. Moshi wake mtamu ulikuwa umejaa chumbani.

"Arnstein, hebu tazama hii."

"Iweke hapo, nitaitazama."

"Itazame sasa. Si wewe ndiye mwenye jicho?"

Aliitazama. Aliitazama muda ambao haukuhitajika, halafu akaendelea kupiga pasi, mbele, nyuma, mbele, nyuma.

"Funga mlango," alisema. "Baridi inaharibu nta."

"Kwa nini?"

"Nta ikipoa haraka..."

"Arnstein!"

Akaiweka pasi chini. "Una miaka thelathini na minne. Una medali mbili. Yeye akikosa mwaka huu watamsahau, kuna wasichana kumi nyuma yake. Wewe umekula, Eldrid. Umeshiba. Mwache na mwenzako ale."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Pengine angekubali. Angelia zizini siku mbili, halafu angekubali, kama alivyokubali kila kitu tangu ile barua juu ya meza. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote: alikuwa mtu wa kuombwa, akaibiwa.

"Nafasi siitaki tena," alisema. "Kamati inakaa Alhamisi. Utasimama useme uliyoyafanya. Wakimwachia Vigdis, wamwachie. Lakini mimi sitazeeka hapa nikiitwa mwanamke aliyesahau kupiga mbele ya watu wa kwao. Utasema?"

"Nitasema."

"Nipe mkono."

Akampa. Mkono ulikuwa wa moto kwa sababu ya ile pasi.

Alhamisi walikuwa watu saba mezani, na kahawa, na keki ya Tordis. Mwenyekiti alikuwa Halvard, mwenye kiwanda cha mbao, mtu mwema ambaye katika maisha yake hajawahi kumaliza ugomvi, aliusogeza tu mbele. Eldrid akaiweka karatasi mezani. Akamtazama kaka yake.

Arnstein alisimama. Akakohoa.

"Dada yangu ana uchungu," alisema, "na mimi namwelewa. Zile za kwanza zilikwenda kushoto. Nikamwambia nne kulia, akageuza, zikaja katikati. Hiyo ndiyo karatasi, mnaiona. Baadaye, alipokuwa akingoja zamu yake, naona alikichezea kigurudumu, akakirudisha alikokitoa. Wasiwasi. Hutokea umri ukisogea. Na mnajua, hesabu na dada yangu..." Akatabasamu kidogo. "Shule yake iliishia wapi, mnajua."

Mtu mmoja alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama watu wanavyocheka kuhusu jambo la zamani la nyumbani.

Eldrid aliona chumba kinapungua. Shule yake iliishia wapi? Iliishia pale ya huyu ilipoanzia.

"Anasema uongo," alisema. "Juzi kwenye banda la nta alinipa mkono."

"Mkono nilimpa," Arnstein alisema kwa upole. "Nilimwahidi nitaongea nanyi. Nimeongea."

Halvard aliichukua karatasi, akaigeuza huku na huku. "Karatasi haisemi zipi zilitangulia, Eldrid."

"Basi muulizeni Vigdis! Alilala mstari wa kumi na tatu. Alikuwa karibu yangu kama mimi na hiyo keki. Alisikia kila neno."

Walitazamana. Tordis alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa.

"Mtoto ana mbio Jumapili," Halvard alisema. "Mataifa kumi na manane, Eldrid. Tumuulize baba yake amedanganya au shangazi yake amedanganya, halafu akalale mkekani? Tusimvuruge. Baada ya mbio tutamuuliza. Nakuahidi."

"Baada ya mbio," wengine waliitikia, kama wanamalizia sala.

Jumapili kila mtu alikuwa na kazi yake, na Eldrid alipewa yake. Aliyepanga hakufikiri, au alifikiri sana. Alipewa kibao na penseli, akasimamishwa kwenye mzunguko wa adhabu, ahesabu nani kazunguka mara ngapi. Alivaa koti la rangi ya machungwa lililomzidi kimo. Watu waliompita walimsabahi kwa sauti ya hospitalini.

Sitasimulia mbio nzima. Vigdis alikimbia zamu ya mwisho ya timu, ikiwa katika nafasi ya nne. Mlimani alimpita mmoja. Alipoingia uwanjani kupiga kwa kusimama, wale wawili wa mbele walikuwa wameshakosa, na Eldrid alikuwa akiwahesabia mizunguko yao, moja, mbili, anachora vistari. Kutoka pale aliposimama alimwona mtoto kwa ubavu. Aliona mabega yakishuka. Pumua. Midomo ya Eldrid ilikuwa ikitembea. Toa nusu. Hakutaka, lakini ilikuwa ikitembea. Alitaka mtoto akose vyote vitano, na kila kimoja alikipiga pamoja naye.

Vitano vyeupe. Vigdis akapita mbele ya mzunguko wa adhabu bila kuugusa, hakugeuza uso, na bonde zima likapiga kelele ambayo haijasikika Rugdal kabla wala baada. Walishinda. Halvard alikuwa akilia waziwazi. Arnstein alibebwa mabegani, darubini ikimning'inia shingoni.

Eldrid alimfuata Halvard Jumatatu kiwandani kwake.

"Umeahidi," alimwambia.

Halvard alizima msumeno, akavua vizibo vya masikio, akamtazama kama mtu anayetazama bili. "Eldrid, dada yangu. Tumeshinda. Unataka nini sasa, tuurudishe ushindi?"

"Nataka aulizwe."

"Wangepoteza, ningeuliza. Nakuapia ningeuliza. Lakini sasa..." Akafungua mikono, kuonyesha bonde lote, bendera kwenye kila nyumba. "Kuna mtu hapa anayetaka kusikia?"

Akavaa vizibo vyake.

Basi Jumanne Vigdis alikuja mwenyewe. Eldrid aliishi katika nyumba ndogo ya uani, ile ya wazee, hatua thelathini kutoka mlango wa Arnstein. Alikuwa akimenya viazi. Sufuria ilikuwa motoni. Mtoto aliingia bila kubisha, kama alivyozoea tangu akiwa mdogo, amevaa jaketi la taifa, akakaa kwenye kiti chake kilekile.

"Shangazi, umenikasirikia?"

"Kwa nini? Ulipiga vizuri. Ile ya tatu uliivuta kidogo."

"Nilijua utasema hivyo." Vigdis alicheka, halafu akaacha. Akatoa medali ndani ya jaketi, akaiweka mezani kati ya maganda. "Nimekuletea. Ni yako."

"Ondoa hapo italowa."

"Nasema kweli. Ichukue."

"Sidai medali, Vigdis. Ninazo, na huwa naziwekea kitambaa zisipauke." Akatumbukiza viazi sufuriani, akafuta mikono. "Nataka unijibu kitu kimoja. Asubuhi ile ya mchujo ulikuwa mstari wa kumi na tatu. Ulimsikia baba yako akiniambia nini?"

Vigdis alikuwa akiizungusha medali kwa kidole.

"Nilisikia."

"Nini?"

"Nne kushoto."

Eldrid alikaa. Hakujua kwamba alikuwa amesimama kwa wiki nzima.

"Na wewe ulidhani nini?"

"Nilitazama bendera," Vigdis alisema polepole. "Ilikuwa imelala. Nikajua."

"Palepale? Kabla ya mbio?"

"Palepale."

"Na nilikuwa hatua mbili kutoka kwako. Ungeweza hata kukohoa."

"Shangazi, ningesema nini? Baba yuko nyuma yangu, watu wote wale..."

"Mimi nilikuwa mbele yako kila jioni kwa miaka tisa."

Mtoto akaanza kulia, machozi makubwa ya kitoto, na moyo wa Eldrid, mpumbavu ule, ukataka kunyanyuka uende ukamfute. Aliukalia.

"Usilie. Haijaharibika. Vaa glavu zako, twende kwa Halvard, dakika kumi tu. Umwambie maneno mawili hayo, nne kushoto. Hawatakunyang'anya kitu, mbio umeshinda kwa haki, mimi mwenyewe nitasema. Mimi nataka yajulikane tu. Twende."

Vigdis alijifuta uso kwa mkono wa jaketi. Alitazama dirishani, kwenye nyumba ya baba yake, ambako gari lilikuwa limewashwa likipashwa moto na mizigo imefungwa juu.

"Tunaondoka saa nane kwenda mashindano mengine," alisema. "Watanipa nafasi ya kudumu kwenye timu. Kocha mkuu amesema. Na baba ndiye atakuwa kocha wa shabaha."

"Dakika kumi, Vigdis."

Vigdis alisimama. Akaichukua medali mezani, akaikung'uta ganda lililoishikilia, akaitumbukiza ndani ya jaketi na kuvuta zipu mpaka kidevuni.

"Viazi vyako vinafurika, shangazi," alisema, akatoka, akaurudishia mlango taratibu ili baridi isiingie.